Kutembea kwa Miguu katika Alpujarra: Mwongozo wa Vijiji, Makorongo na Jabali la Mulhacén

Kusini mwa mji wa Granada, katika nchi ya Hispania, iko safu ya milima iitwayo Sierra Nevada, ambayo upande wake wa kaskazini umeelekea uwanda wa Granada, na upande wake wa kusini wateremka kwa mabonde marefu hadi karibu na Bahari ya Mediterania. Na katika mteremko huo wa kusini, baina ya theluji iliyo juu na joto lililo chini, vimeng'ang'ania vijiji vyeupe vya Alpujarra, vilivyounganishwa tangu zamani kwa vijia vya baghala ambavyo leo hupitwa na watembezi wa kila taifa. Mwongozo huu umekusudiwa mtu wa kawaida, mwenye miguu mizima na likizo ya juma moja, asiyekuwa mpanda milima wa kazi.

Jambo moja nitalisisitiza kuliko mengine yote, maana ndilo liwatatizalo wageni: katika Alpujarra usipime safari kwa kilomita, bali uipime kwa makorongo na kwa maji. Vijiji viwili vyaweza kuonana hata mbwa wa kimoja akibweka asikiwe katika cha pili, ilhali kati yao limekatiza korongo ambalo kulishuka mpaka mtoni na kulipanda tena kwamaliza asubuhi nzima. Na mwenye kusoma ramani kwa rula, asitazame mistari ya mwinuko, atajikuta amechwewa na jua akiwa chini kwenye daraja badala ya kuwa mezani.

Kwanza uijue nchi yenyewe

Nchi hii ilikaa chini ya dola za Waislamu kwa karibu karne nane. Sultani wa mwisho wa Granada, Abu Abdillah, ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliukabidhi mji wake tarehe 2 Januari 1492, akapewa milki katika Alpujarra, kisha mwaka 1493 akavuka bahari kwenda Maghribi asirudi tena. Baba yake, Abu al-Hasan Ali, ndiye aliyeliachia jina lake lile jabali la Mulhacén, lenye mita 3,479, ambalo ni kilele kirefu kupita vyote katika rasi ya Iberia. Na wenyeji husimulia kwamba alizikwa huko juu. Raia waliobaki walilazimishwa kubatizwa, wakaasi usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1568, vita vikaisha mwaka 1571, nao wakatawanywa katika nchi nyingine za Hispania, na mahali pao wakaletwa walowezi Wakristo kutoka kaskazini.

Watu waliondoka, lakini mifereji ilibaki, kwa kuwa hao walowezi nao wasingaliweza kuishi pasipo maji. Mfereji huo huitwa *acequia*, nao ndio ufunguo wa nchi. Theluji iyeyukapo katika majira ya kuchipua, maji huchukuliwa juu kabisa ya mlima na kuongozwa katika mitaro ya udongo, kisha humwagwa makusudi mahali penye ardhi inyonyayo, yakazama. Na baada ya wiki au miezi huibuka chini yakiwa chemchemi, wakati ule hasa ambapo kiangazi kimeikausha mito na bustani zina kiu. Mfereji huvuja njiani, na uvujapo huota mikastana, ambayo ni miti mirefu izaayo kokwa tamu za kukaanga. Hata ukitazama mlima kwa mbali na kuona mstari wa kijani ukipita mlalo katika ukavu, ujue hapo ndipo maji yapitapo. Mahali ambapo mtaro wa udongo uliondolewa ukatiwa saruji au bomba, miti ile hukauka, jambo ambalo kwa maoni yangu lapasa kuwafunza wahandisi adabu.

Kwa mtembezi, maana yake ni hii: mfereji hauwezi kupanda mlima, wala hauteremki ghafula, na kwa hiyo kijia kifuatacho mfereji ni kijia cha tambarare, hata kama pande zote ni miteremko mikali. Njia ikatayo makorongo huchosha. Ifuatayo maji hupumzisha. Mwenye kupanga siku yake kwa kuchanganya namna hizi mbili hufika na nguvu bado anazo.

Namna ya kuhesabu saa za mwendo

Kanuni iliyowekwa na Mskoti Naismith mwaka 1892 bado yafaa, nayo ni nyepesi hata kwa asiyependa hesabu:

1. Andika urefu wa njia katika ramani. Kila kilomita 5 ni saa moja.
2. Jumlisha mita zote utakazopanda, na kila kupanda baada ya korongo ukuhesabu upya. Kila mita 600 ni saa moja nyingine.
3. Jumlisha hizo mbili, kisha uongeze robo ya jumla kwa ajili ya mawe, kunywa maji na kutazama.
4. Jua likiwa kali, au ukiwa na mtoto au mzee, uongeze nusu badala ya robo.

Chukua mfano wa Pampaneira hadi Capileira. Kijiji cha kwanza kiko kwenye mita 1,060 hivi, cha pili kwenye mita 1,440 hivi, na njia ya miguu kati yao haifiki kilomita 5. Kwa ramani tu ni matembezi ya kabla ya chai; kwa kanuni hii, ukishaongeza robo, yakaribia saa mbili, na ndivyo yalivyo.

Majira, mchana na saa

Mtu wa Afrika Mashariki amezoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, hata hautii maanani. Huko haufanyi hivyo. Katika mwezi wa Juni jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kutua baada ya saa tatu na nusu usiku, ilhali katika Desemba huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua karibu saa kumi na mbili jioni, na bonde la korongo huingia kivuli mapema zaidi, pengine saa tisa alasiri. Kwa hiyo safari iliyo nyepesi mwezi wa Juni yaweza kuwa ya hatari mwezi wa Desemba, njia ikiwa ni ile ile na mtu ni yule yule.

Kadhalika ujihadhari na saa za ratiba. Basi lililoandikwa 10:00 huondoka saa nne asubuhi, na lililoandikwa 17:00 huondoka saa kumi na moja jioni. Na mgeni aliyezoea kuhesabu kwa Kiswahili, akiwa na usingizi, hukosea kwa urahisi. Ziandike saa zote upya katika kidaftari chako kabla hujatoka nyumbani.

Miezi bora ya kutembea vijijini ni Aprili hadi Juni, ambapo maji hujaa mifereji, na Septemba hadi mwanzo wa Novemba, ambapo mikastana hugeuka rangi ya dhahabu. Julai na Agosti ni miezi ya vilele. Huko chini joto hukausha koo, na ukiwa vijijini sharti utoke alfajiri na uwe kivulini adhuhuri. Kuanzia Novemba hadi Mei, sehemu za juu zina theluji na barafu, wala si mahali pa mtu asiyefunzwa.

Njia nne zilizo ndani ya uwezo wako

*Ya kwanza: Pampaneira, Bubión na Capileira.* Hivi ni vijiji vitatu vya korongo la mto Poqueira, vimekaa kimoja juu ya kingine. Anzia chini, katika uwanja wa Pampaneira, ambapo pana kituo cha habari za wageni. Ingia uulize hali ya njia na ununue ramani. Nyumba zina mapaa bapa yaliyotandazwa udongo wa kijivu usiopitisha maji, juu ya boriti za mkastana na mawe mapana, na mara kwa mara chumba cha nyumba moja huvuka juu ya kichochoro na kushika nyumba ya pili. Wenyewe hukiita *tinao*, na mtu wa Lamu atakitazama na kusema kwamba ni wikio. Kwa kuwa mlima ni mkali, paa la nyumba ya chini huwa sawasawa na njia ya nyumba ya juu: tazama uwekapo mguu, usije ukasimama kupiga picha juu ya jiko la mtu. Kibao kilicho kwenye chemchemi moja ya Pampaneira hudai kwamba kapera anywaye maji yake kwa nia ya kuoa hakawii kuoa. Jambo hilo sikulitia katika orodha ya hadhari, ingawa labda lastahili.

*Ya pili: mzunguko wa korongo la Poqueira.* Kutoka Capileira shuka mpaka mtoni, uvuke daraja, upande upande wa pili, kisha ufuate bonde kwenda juu mpaka La Cebadilla, makazi ya wafanyakazi wa umeme wa maji ambayo sasa yameachwa mahame, na urudi Capileira kwa upande wa mashariki. Ni kazi ya nusu siku kwa mwendo wa taratibu. Njiani utaona viwanja vya duara vilivyosakafiwa kwa mawe, vilivyotumiwa kupuria ngano. Wakulima walivijenga mahali penye upepo wa hakika, na ndiyo maana ni mahali pazuri pa kukaa kula tini na lozi.

*Ya tatu: vijiji vya La Taha.* Kutoka Bubión njia ndefu iitwayo GR-7, ambayo huanzia Tarifa kwenye mlango wa Bahari ya Mediterania, huvuka mgongo wa mlima na kushuka Pitres. Toka hapo uteremke kwenye vijiji vidogo vya Mecinilla, Fondales na Ferreirola. Hii ndiyo njia niipendayo kuliko zote, maana haina umati wa watu na maji yako kila mahali. Nje ya Ferreirola iko chemchemi itoayo maji yenye chuma na mapovu ya asili, ambayo wenyeji waliita Fuente de la Gaseosa, na mwamba ulioizunguka umegeuka rangi ya kutu. Chini ya Fondales, kijia cha kwenda darajani hupinda-pinda kama nyoka juu ya genge: kishuke polepole, na mvua ikinyesha usikishuke kabisa.

*Ya nne: Busquístar hadi Trevélez.* Tenga siku nzima. Trevélez, kilicho karibu na mita 1,476, ni kijiji kilichojaa maghala ya kukausha mapaja ya nguruwe, kwa kuwa hewa yake ni baridi na kavu. Nacho ni mlango wa kupandia Mulhacén kutoka mashariki.

KISANDUKU: Mulhacén

Usilidharau jabali hili kwa kuwa Meru na Kilimanjaro ni marefu zaidi. Liko kwenye nyuzi 37 kaskazini ya ikweta, na barafu yake ya baridi ni ngumu kama kioo.

1. Panda baina ya Julai na Septemba tu, labda uwe na meno ya chuma ya kufunga viatuni, shoka la barafu, na ustadi wa kuvitumia.
2. Chagua moja kati ya mawili: kulala katika kibanda cha Refugio Poqueira, mita 2,500, ambacho hutoa kitanda na chakula, au, katika majira ya joto, kupanda basi dogo la hifadhi ya Sierra Nevada kutoka Capileira hadi karibu na mita 2,700. Vyote viwili hutaka kuwekewa nafasi mapema.
3. Kutoka basi lishushapo watu, hesabu saa mbili na nusu hadi tatu kufika kileleni.
4. Uwe umekwisha anza kushuka kabla ya saa sita mchana, maana radi za alasiri hazina miadi.
5. Upande wa kaskazini wa kilele umekatika wima kama ukuta. Ukungu ukishuka, usiukaribie hata kwa hatua kumi; kaa, ngoja, kisha rudi kwa njia uliyojia.

Alama za njia

Mistari miwili sambamba, mweupe na mwekundu, ni njia ndefu (GR). Mweupe na wa manjano ni njia ya siku moja (PR). Mweupe na wa kijani ni njia fupi ya kijiji (SL). Mistari iliyopinda yaonyesha kugeuka, na iliyokatizana kama X yasema: si huku. Ukienda robo saa usione alama yoyote, usijitie ushujaa. Rudi kwenye ile ya mwisho. Pia iko Sulayr, GR-240, ambayo huizunguka Sierra Nevada yote kwa kilomita 300 hivi, lakini hiyo ni ya mtu mwenye wiki tatu na magoti ya ujana.

Maneno ya vibao yakupasayo kuyajua:

- *Agua no potable*: maji hayafai kunywa.
- *Agua no tratada*: maji hayakutiwa dawa, wenyeji huyanywa, mgeni afikiri.
- *Camino cortado*: njia imekatika.
- *Coto privado de caza*: ardhi ya uwindaji, siku za mwisho wa juma katika miezi ya baridi usiiingie bila kuuliza.

Adabu ya mfereji

Maji yana zamu, na zamu ina mwenyewe. Penye matoleo utaona bamba la jiwe au la chuma limewekwa mlangoni mwa mtaro, na nyufa zake zimezibwa kwa vipande vya majani na matope. Usiliguse, usiliinue ili mtoto aone maji yakikimbia, kwa sababu huenda huko chini yuko mkulima aliyeamka usiku kuisubiri saa yake. Usitembee juu ya ukingo laini ukaubomoa. Usioshe miguu wala vyombo kwa sabuni ndani yake. Lango la mifugo ulikutalo limefungwa ulifunge, na ulikutalo wazi uliache wazi.

Chakula, hasa kwa asiyekula nguruwe

Hapa pana haja ya kusema wazi. Sahani mashuhuri ya nchi hii, *plato alpujarreño*, ni viazi, yai, na aina tatu za nguruwe. Supu ya mboga aghalabu hupikwa na mfupa wa nguruwe. Hata maharage huonjeshwa. Haitoshi kusema kwamba huli nyama, kwani wako wapishi ambao kwao paja lililokaushwa si nyama bali ni kiungo. Uliza hivi, kwa upole na kabla ya kuagiza: *¿Lleva cerdo, jamón o manteca?* yaani, kuna nguruwe, paja lake au mafuta yake ndani? Vilivyo salama mara nyingi ni mayai ya *tortilla* ya viazi, samaki wa mtoni wa Trevélez akikaangwa kwa mafuta ya zeituni, jibini ya mbuzi, asali, tini na lozi. Wenye bucha za halali wapo Granada, basi nunua huko uchukue. Saa za chakula nazo ni zao: cha mchana ni saa nane hadi kumi, cha usiku ni kuanzia saa tatu, na kati ya saa nane na saa kumi na moja maduka mengi hufungwa. Asiyebeba mkate mkobani atalijua hilo.

Makosa ya kila siku

Kosa la kwanza ni kuondoka saa nne asubuhi kwa kuwa kifungua kinywa kilichelewa. Lipa bili usiku, ununue mkate, utoke. La pili ni viatu vipya. La tatu ni kuamini simu peke yake, ambayo korongoni hupoteza mtandao na kwa baridi hupoteza chaji. Ramani ya karatasi haina chaji ya kupoteza. La nne, katika misitu ya misonobari mwishoni mwa baridi, ni kuwashika viwavi watembeao kwa msururu: manyoya yao huwasha vibaya ngozi na macho, na mbwa akiwalamba aweza kufa. La tano ni moto. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Oktoba kuwasha moto porini katika Andalusia ni marufuku, na katika miezi iliyobaki uulize kwanza.

Orodha ya mkobani

- Maji lita mbili. Kiangazi lita tatu.
- Kofia pana, mafuta ya kukinga jua, miwani.
- Koti la mvua na sweta, hata mwezi wa Agosti kwa aendaye juu.
- Taa ya kichwani na betri za akiba.
- Filimbi: milio sita kwa dakika, kisha kimya cha dakika moja, ndiyo ishara ya kuomba msaada.
- Plasta za malengelenge, na dawa zako mwenyewe.
- Karatasi yenye jina la mahali ulalapo. Nakala yake mwachie mwenye nyumba, pamoja na jina la njia na saa ya kurudi.

Namba ya dharura ni 112, nayo ni bure.

Kufika na kurudi

Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda wahitaji viza ya Schengen, ambayo huombwa ubalozini si zaidi ya miezi sita wala chini ya siku kumi na tano kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Soma mkataba wa bima uhakikishe kwamba kuokolewa mlimani kumo. Kutoka kituo cha mabasi cha Granada, mabasi hupanda kwa Lanjarón na Órgiva hadi vijiji vya Poqueira, na machache kati yao huendelea mpaka Trevélez. Ni machache kwa siku, na Jumapili na sikukuu ratiba hubadilika. Na kwa kuwa kila kijiji kina sikukuu ya mtakatifu wake, uliza kwa mwenyeji jioni ya kuamkia siku ya kurudi, wala usitegemee karatasi iliyobandikwa kituoni.